Mguu wa R

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Mwalimu Jedidah amesema kila kibao tunachokinakili kiandikwe tarehe na mahali, kwa hiyo nimeanza daftari. Kurasa za mbele ni za vibao. Hizi za nyuma ni zangu.

Niandike kwanza mambo yalivyoanza, maana mtu akichoka husahau. Ni mwezi wa kumi na tisa sasa nalinda magari kwenye maegesho ya maduka hapa Glenwood, Durban. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nimesimama. Bukavu nilikuwa mchoraji wa herufi: maduka, malori, milango ya ofisi, hata misalaba ya makaburi. Hapa mimi ni kizibao cha kijani. Wiki iliyopita mwenye maduka alitaka kibao cha kuonyesha njia ya kutokea, nikamwandikia kwa brashi. Mama mmoja alishuka kwenye gari lake, akasimama nyuma yangu muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha Kenya, "Mkono huu umeutoa wapi?"

Ndiye Jedidah. Kwao Eldoret ni mwalimu wa chuo. Hapa anasomea shahada ya pili. Anachunguza vibao vya zamani vya barabarani, ambavyo siku hizi vinang'olewa na kuwekwa vipya. Herufi za vile vya zamani hazifanani na za kitabu chochote alichokiona. Profesa wake anataka ajue zilitoka wapi. Kazi ikabidhiwe tarehe 16 Novemba, na tarehe 30 asimame mbele ya watahini. Likizo yake inaisha na mwaka. Asipofaulu kabla ya hapo anarudi kwao mikono mitupu, na chuo chake kimeshamwambia hakuna mara ya pili.

Picha amepiga nyingi, lakini zimepigwa kutoka chini na herufi zimelala. Anataka zinakiliwe kwa ukubwa wake, karatasi juu ya kibao. Nimekubali: Alhamisi, siku yangu ya kupumzika, na Jumapili baada ya ibada.

Alhamisi, 17 Septemba

Kibao cha kwanza, nyuma ya uwanja wa farasi, Greyville, si mbali na tunapokaa. Niko juu ya ngazi, karatasi nyembamba nimeibandika kwa gundi ya utepe, nafuata ukingo wa herufi kwa penseli laini. Mwalimu chini, ameshika ngazi, anaandika vipimo. Saa tatu kwa maneno mawili. Shingo inauma, na jasho limetandaza penseli.

Jumapili, 20 Septemba

Vibao viwili. Mvua ilitukuta kwenye cha pili. Karatasi imevimba kama chapati, mistari imetanda. Nitaihamishia kwenye karatasi nzito nyumbani, kwa wino.

Jumatatu, 21 Septemba

Kazini. Mvua.

Jumatano, 23 Septemba

Nilitoka mapema, nikakaa mezani na karatasi za Alhamisi na za Jumapili. Kalamu ya wino, rula, bikari. Mke wangu Julienne, mama wa binti yetu Grâce, alirudi kutoka saluni akanikuta bado nimeinama.

"Papa Grâce, leo unacheka peke yako."

"Sicheki."

"Unacheka. Nimekuona kwa mlango."

Huenda kweli. Miaka miwili sikushika kalamu ya kufaa. Karatasi mbovu za mvua nimezitupa. Hazikufaa tena hata kufungia mkaa.

Alhamisi, 24 Septemba

Sikukuu. Mji mtupu, kwa hiyo tulipata vibao vinne. Mvua jioni.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nimempelekea Mwalimu nakala saba safi. Anapanga chumba kwenye nyumba ya zamani karibu na chuo, na vitabu vimejaa hadi kwenye sinki. Alizitandaza sakafuni, akavua viatu, akapita katikati yake.

"Hii R," akasema. "Kila mahali ni ile ile. Mguu unatoka pale tumbo linapogusa mgongo, unashuka mshazari. Mbona kwenye picha zangu unaonekana kama una goti?"

Nilimwambia ni pembe ya picha. Nikamwambia pia jambo nililoliwaza tangu wiki iliyopita: R hiyo ndiyo tuliyofundishwa shule ya ufundi Bukavu. Bruda mmoja Mbelgiji alikuwa na chati ukutani, na mguu wa R ukianzia pengine alikupiga rula kwenye vidole.

Aliketi chini kabisa. "Baba Grâce, rudia pole pole."

Nilirudia. Nilimchorea chati nzima kwa kumbukumbu, A hadi Z. Tuliilinganisha na nakala. Zililingana kama ndugu.

Jumapili, 4 Oktoba

Vibao viwili, Pinetown. Kwenda na kurudi kwa taxi na ngazi mapajani mwa watu. Mwalimu hana mafuta wiki hii.

Jumanne, 6 Oktoba

Foleni ya kuongeza muda wa karatasi ya ukimbizi. Saa tisa nimesimama, kama kazini, ila hapa hakuna magari. Wamenipa miezi mitatu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Profesa amesoma sura ya Mwalimu: kwamba herufi za vibao vya Durban zilitoka kwenye chati ya shule za Wabelgiji, pengine kwa njia ya mafundi waliovuka mipaka kutafuta kazi. Amemwambia hiyo ndiyo sura itakayombeba. Mwalimu alinijia maegesho na soda mbili na sambusa. Tulikula tumesimama kati ya magari.

"Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo, wajua," akasema. "Moyoni."

Mwenzangu Papy, anayelinda upande wa benki, alitutazama tu hadi Mwalimu alipoondoka.

"Ule mama iko na furaha sana. Umemupa nini?"

"Herufi."

"Eish. Mimi naye nitafute herufi."

Alhamisi, 22 Oktoba

Vibao vimebaki vichache. Tulikwenda penye viwili, tukakuta mashimo na saruji mbichi. Mvua.

Jumapili, 25 Oktoba

Hapana kazi. Nililala mchana.

Alhamisi, 29 Oktoba

Leo lazima niandike kwa utaratibu.

Mwalimu alisikia kwamba vibao vinavyong'olewa hupelekwa kwenye yadi moja ya vyuma chakavu Pinetown. Alikuwa na darasa, akaniomba niende peke yangu nikaangalie kama vipo tusivyovinakili. Nilichukua kwake nakala zangu, nisije nikarudia.

Yadi iko nyuma ya viwanda. Mlinzi ni mzee wa Kizulu, Baba Ngidi, anatembea na fimbo ya bomba. Alinionyesha rundo. Vibao vimelala kifudifudi matopeni. Nilivigeuza kimoja kimoja. Cha tatu nilikijua mara moja: ni kile cha nyuma ya uwanja wa farasi, kibao cha kwanza. Kona ya chini ina tundu la risasi na kutu imelizunguka kama jicho. Nilikifuta kwa mkono wa shati, na kwa sababu nilikuwa na nakala yake, nikailaza juu yake. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kujisifu.

Haikukaa.

Nilidhani nimeiweka upande. Nikaisogeza kushoto, nikaisogeza juu. G ilikaa upande mmoja ikakataa upande wa pili. R nilipoilinganisha mgongo kwa mgongo, mguu wangu ulianguka penye rangi tupu. Mguu wa kibao hautoki penye mgongo. Unatoka katikati ya tumbo, unashuka karibu wima, na chini ya nusu unavunjika. Una goti, kama Mwalimu alivyosema. Nilitoa nakala nyingine tatu ambazo vibao vyake vilikuwemo rundoni. Zote hivyo hivyo.

Nilikaa juu ya tairi. Nilipokuwa juu ya ngazi nilifuata ukingo, nina hakika. Lakini kila nilipohamisha mistari ya mvua na jasho kwenye karatasi nzito, penye mstari uliotanda mkono wangu uliamua. Na mkono wangu umejifunza jambo moja tu kwa miaka kumi na minane: R yenye goti ni kosa, irekebishe. Sikuhisi nikirekebisha. Nilihisi nikisafisha. Ndiyo maana nilikuwa nacheka pale mezani.

Kwa hiyo chati ya Bruda haikufika Durban. Mimi ndiye niliyeileta, Septemba mwaka huu, katika kalamu. Na juu yake Mwalimu amejenga sura itakayombeba.

Baba Ngidi aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema ni njaa. Akanipa nusu ya mkate wake.

Ijumaa, 30 Oktoba

Kazini. Mwalimu alipita na gari akapiga honi. Nilipunga mkono.

Jumamosi, 31 Oktoba

Mvua kutwa. Nilimweleza Papy, bila jina la mtu.

"Nani atahesabu miguu ya R? Wazungu? Wanapita pale na gari kilomita mia moja kwa saa."

"Ni uongo."

"Ndugu, uongo ni kitu unafanya unajua. Wewe ulifanya vizuri kupita. Ile si zambi, ni ufundi."

Nilicheka. Lakini tangu juzi najua.

Jumapili, 1 Novemba

Nilimwambia Mwalimu nina homa.

Jumatano, 4 Novemba

Mvua. Miguu imevimba.

Alhamisi, 5 Novemba

Homa tena. Mwalimu ametuma machungwa.

Ijumaa, 6 Novemba

Julienne alimenya chungwa moja, akanipa, akabaki ameshika maganda.

"Mtu wa homa hali hivi. Sema."

Nilisema yote. Aliendelea kukunja maganda.

"Ukinyamaza, ule mama anapata karatasi yake na anakwenda kwao."

"Ndiyo."

"Na akigunduliwa huko mbele?"

"Atafukuzwa yeye. Mimi hawanijui."

"Basi unajua jibu, Papa Grâce. Usinipe mimi niliseme." Kisha, akitupa maganda: "Ila usiende na njaa. Mtu wa njaa anaomba musamaha vibaya."

Jumapili, 8 Novemba

Nimemwambia.

Nilikwenda na nakala ya kibao cha kwanza na karatasi nyembamba mpya niliyoifuatisha jana pale yadini, sikuihamisha, penseli tupu. Niliziweka moja juu ya nyingine dirishani ili mwanga upite. Nilieleza kwa mpango: nini nilifanya, lini, kwa nini sikujua, nilijua lini. Siku kumi nilizonyamaza nilizitaja pia, kwa tarehe.

Hakunitazama. Alitazama dirisha.

"Nilikuuliza kuhusu goti," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni pembe ya picha."

"Nilisema."

"Mimi nilikuomba Durban, Baba Grâce. Wewe umenipa Bukavu." Sauti haikupanda. Ingepanda ningepumua. "Na hayo machungwa uliyala?"

"Tulikula."

"Sawa."

Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga. Aliporudi alisema Profesa hana haja ya kujua, sura imeshapita, siku ni nane. Alisema kama mtu anayejisomea bei dukani. Kisha akachukua sura yenyewe, karatasi thelathini na mbili, akaigeuza uso chini juu ya meza. "Kila mwaka nafukuza mwanafunzi mmoja kwa jambo dogo kuliko hili," akasema. "Yadi inafunguliwa saa ngapi?"

Jumatatu, 9 Novemba

Nimemwomba Papy anilindie upande wangu hadi Ijumaa. Amekubali kwa masharti ya kunitania mwaka mzima.

Pinetown saa mbili. Vibao tisa kwenye rundo. Baba Ngidi anasema lori la kiwanda cha kuyeyushia linakuja Jumamosi.

Nilitandaza karatasi, nikatoa penseli. Mwalimu alinyoosha mkono. "Hapana. Lete."

"Mwalimu, wewe hujui kuchora."

"Ndiyo maana."

Nilimpa penseli. Alichora yeye, magotini, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mistari yake inatetemeka lakini inakwenda kibao kinapokwenda. Kazi yangu ni kushika karatasi isisogee. Siku nzima nimeshika karatasi.

Jumanne, 10 Novemba

Nimeshika karatasi. Mvua, tukahamia chini ya bati.

Jumatano, 11 Novemba

Mtu asiyechora hubaki na vidole. Nilikuwa nimebana karatasi juu ya R, kiganja kizima, nikahisi mwinuko mdogo unaokata tumbo la herufi, kama kovu. Niliondoa karatasi. Kwa macho hauonekani. Nikafumba macho nikapapasa R nyingine: kovu mahali pale pale. Nikapapasa P, B, O. Zote zina makovu.

"Mwalimu, fumba macho. Lete kidole."

Alileta. Nikakipitisha.

"Hii ni nini?"

Nilimwambia. Herufi hizi hazikuchorwa kwa mkono. Zilipakwa kupitia kiolezo cha bati lililokatwa. Tumbo la R likikatwa lote, kipande cha katikati kinaanguka, kwa hiyo mkataji huacha daraja dogo la bati likishike. Kisha mtu mwingine anakuja na brashi kuziba daraja, na rangi inapanda mara mbili. Hilo ndilo kovu.

Alirudisha kidole chake pale pale. Nikaendelea, maana sasa niliona yote. Goti la R ni mkasi wa bati. Mkasi ulionyooka haupindi. Unakata kipande, unasimama, unageuza, unakata tena. Nilihesabu mikato kwenye mapindo ya S: saba. S nyingine: saba. Vibao vyote tisa, saba. Hakuna chati. Kuna mtu mmoja na mkasi wake.

Baba Ngidi alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote na fimbo yake. Mwalimu akamgeukia na kumuuliza kwa Kiingereza kama anajua vilitengenezwa wapi.

"Si mngeuliza Jumatatu?" akasema. "Nilibeba rangi karakana ya vibao miaka kumi na moja. Munsamy ndiye aliyekata."

Alhamisi, 12 Novemba

Baba Ngidi anasimulia kwa zamu, akifungua geti katikati. Munsamy alikuwa mzee wa Kihindi, amefariki zamani. Kabla ya kuingia karakana ya vibao alikuwa bandarini, akikata violezo vya kupigia chapa magunia ya sukari. Alipohamia kwenye vibao alipewa mchoro wa wazungu. Akaujaribu siku mbili, akautupa, akakata kama alivyozoea, kwa sababu vibao vilitakiwa Ijumaa. Hakuna aliyemkataza. Watu waliona njia, wakapita.

Mwalimu aliuliza kama kuna ushahidi. Baba Ngidi alifikiri. "Iko S moja kwa kuku wangu."

Ijumaa, 13 Novemba

KwaMashu, nyumbani kwa Baba Ngidi. S ya bati imezibia tundu la banda la kuku. Alichukua kiolezo kile siku karakana ilipofungwa. Kukitoa ilibidi tushike kuku sita, na Mwalimu ana alama kwenye mkono. Mikato saba. Munsamy alikuja nacho kutoka bandarini, na kwenye magunia S hii iliandika SUGAR. Kwenye barabara iliandika STOP. Inakaa juu ya S yetu bila kubakisha hata uzi.

Jumatatu, 16 Novemba

Amekabidhi saa tisa alasiri. Hakulala siku tatu, mimi mbili.

Alhamisi, 19 Novemba

Profesa amekasirika. Sura aliyoipenda haipo, pana nyingine, na ukurasa mmoja unasema nakala za kwanza zilikuwa potofu. Watahini wanauliza: mtu anawezaje kurekebisha herufi mia mbili bila kujua? Wanaona Mwalimu alitunga ya Wabelgiji, akaogopa, akatunga ya magunia. Wasiporidhika tarehe 30, basi.

Jumapili, 22 Novemba

Mvua.

Jumatano, 25 Novemba

Mwalimu alikuja maegesho. Hakuteremka garini, aliteremsha kioo.

"Watahini wanataka kukuona."

"Mimi niseme nini mbele ya maprofesa?"

"Hata sijui. Vaa ile shati ya ibada."

Jumatatu, 30 Novemba

Chumba kidogo, wanaume wawili, mwanamke mmoja na jagi la maji. Mwalimu upande mmoja, mikono chini ya meza. Walikuwa wamemsaili saa nzima kabla sijaitwa.

Yule mwanamke ndiye mwenye mashaka zaidi. Alinitaka nieleze, nikaeleza, Mwalimu akitafsiri palipoishia Kiingereza changu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akainua kutoka chini ya meza karatasi nyembamba, penseli tupu, maneno mawili kutoka kibao fulani, imeloweshwa na kukauka. Aliniambia niihamishe kwenye karatasi nzito, hapo hapo, kwa wino, kama nilivyofanya Septemba. Na kwa sababu sasa nalijua kosa langu, akasema, bila shaka nitaweza kuliepuka.

Nilielewa kwamba akiniona naweza, ataamini nilirekebisha nikijua, na Mwalimu amekwisha. Nilielewa pia kwamba nikikosea makusudi ataona. Amekaa karibu mno. Lakini sitaandika hapa kwamba niliwaza hayo wakati wa kuchora. Nilipoishika kalamu niliwaza jambo moja tu: miaka kumi na minane mimi ni fundi, na leo, mbele ya watu hawa, nitanakili R kama ilivyo.

Nilichora pole pole kuliko nilivyowahi kuchora. Penye goti nilisimama. Niliitazama ile penseli iliyotanda, nikajiambia: goti, Protas, goti. Nilivuta. Mkono ulikuwa imara. Jasho lilinidondoka nikalikinga kwa mkono mwingine. R tatu, dakika arobaini.

Yule mwanamke alizichukua karatasi mbili, akaenda nazo dirishani, akazilaza pamoja. Wenzake walisimama wakamfuata. Walikaa pale wamenipa migongo. Kisha akanigeukia.

"Bwana, ulikuwa unajitahidi?"

"Kwa nguvu zangu zote, mama."

Alinionyesha. R zote tatu, mguu umetoka mgongoni, mshazari, safi, bila goti. Nzuri sana. Bruda asingeinua rula.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na sikujua ni kwa lipi. Yule mwanamke aliketi, akaandika kitu kifupi kwenye fomu iliyokuwa mbele yake, akampa wa kushoto atie sahihi, akampa wa kulia.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilimwomba Mwalimu awaulize kama naweza kujaribu tena.

Jumanne, 1 Desemba

Amefaulu. Kazini saa moja. Mvua.